Sura ya 7: Betri Imejaa, Mtandao Hakuna

Kila ninapofika kijijini na sanduku langu la vifaa, swali ni lile lile. Analiuliza mwalimu mkuu, analiuliza mganga mfawidhi wa zahanati, analiuliza karani wa chama cha msingi cha tumbaku: "Fundi, sola tunayo. Taa ya betri ni ya kijani. Mbona intaneti inakatika kila usiku?"

Ni swali la haki, lakini majibu wanayopewa mara nyingi hayana haki. Huambiwa mnara uko mbali, au swichi ni feki wanunue nyingine. Wanatoa fedha, wanaleta nyingine, nayo inakatika saa ile ile. Mimi nimefanya kazi hii Tabora, Urambo, Kaliua mpaka upande wa Uvinza, na naweza kusema bila kusita kwamba mara nyingi swichi haina kosa. Inanyimwa chakula. Tena inanyimwa njiani, kati ya betri na mlango wake, huku betri ikiwa na chakula cha kuitosha.

Neno "swichi" lenyewe nilieleze kwanza. Kwa wengi wetu swichi ni ile ya kuwashia taa ukutani. Ya mtandao ni kisanduku chenye matundu mengi ya waya. Kompyuta ya mapokezi, ya duka la dawa na ya maabara zote huchomekwa humo ili ziongee. Rauta ni mlango wa kutokea nje, na redio iliyo juu ya nguzo ndiyo inayorusha mawasiliano hadi kwenye mnara. Swichi ikizimika, rauta na redio zinaweza kuwa hai na bado hakuna anayepata kitu.

Usiku mmoja upande wa Urambo

Zahanati moja karibu na njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, iliniita mwezi Januari. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Zahanati iko bondeni, simu za mkononi zinashika kwa kubahatisha, kwa hiyo mganga mfawidhi akipata mama wa kumpeleka hospitali ya wilaya usiku, hupiga simu kwa intaneti. Usiku ndio mtandao ulikuwa unakatika.

Aliyenipa jibu la kwanza ni mlinzi, mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani na koti lake la mvua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa zile taa?"

"Taa gani, baba?"

"Za kile kisanduku. Zinatulia vizuri mpaka saa saba usiku. Baada ya hapo zinawaka, zinazima, zinawaka, zinazima, mpaka jua litoke. Na lile dude la ukutani linalia."

Nililala pale ili nione. Saa saba na dakika kumi inveta, lile dude la ukutani la kugeuza umeme, ilianza kulia. Nilikuwa nimeweka mita ya volti kwenye vichwa vya betri: ilisoma 10.4. Inveta ikajizima, giza likaingia, na mita ikaanza kupanda yenyewe: 11, 11.4, 11.7. Inveta ikajiwasha. Taa za swichi zikawaka zote pamoja kama inavyokuwa inapoamka, halafu volti zikaporomoka tena. Nilihesabu kwa saa ya mkononi. Kila mzunguko ulichukua dakika moja na nusu, na rauta ile ilihitaji dakika mbili kuamka na kuunganisha mtandao. Kwa hiyo usiku kucha ilikuwa inaamshwa na kuuawa kabla haijafungua macho.

Betri iliyochoka ni kama mpagazi aliyechoka. Ukimtua mzigo anapumua, uso unarudi, unadhani yuko tayari. Ukimtwisha tena, baada ya hatua kumi yuko chini. Taa ya kijani iliyowadanganya watu wa zahanati ilikuwa inapima betri iliyotuliwa mzigo.

Hongo ya umeme

Asubuhi nilipima kila kifaa. Swichi ilikula wati 5, rauta 8, redio ya juu ya nguzo 9. Jumla wati 22, pungufu ya taa moja ya zamani ya kioo. Kisha nikapima kinachotoka kwenye betri: wati 43. Wati 21 zilikuwa zinapotelea njiani.

Wasomaji wa historia ya magharibi ya Tanzania wanalijua neno hongo kwa maana yake ya kale, kabla halijawa jina la rushwa. Msafara uliotoka Bagamoyo kuja Tabora ulilipa hongo kwa kila mtawala ambaye nchi yake ulipita: doti za nguo, shanga, waya za shaba. Ugogo ilisifika kwa hongo nzito. Mfanyabiashara aliyefungasha bidhaa nyingi pwani angeweza kufika Unyanyembe, nchi ya Tabora, amepungukiwa sana, bila kuibiwa hata kidogo.

Umeme nao hulipa hongo kila unapogeuzwa. Betri hutoa umeme unaokwenda upande mmoja tu bila kubadilika. Vitabu vya shule huuita mkondo mnyoofu, mafundi huuita DC, na mimi nitauita umeme wa betri. Umeme wa TANESCO ni mkondo geu: hubadili mwelekeo, kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Sasa fuata safari ya pale zahanati. Umeme ulitoka kwenye betri ukiwa mnyoofu, wa volti 12. Inveta ikaugeuza kuwa mkondo geu wa volti 230. Ukapita kwenye waya wa eksitensheni mpaka kwenye adapta, yaani kile kibonge cheusi cha ukutani. Adapta ikaugeuza tena kuwa mnyoofu, wa volti 12, ukaingia kwenye swichi.

Ulianza na 12 ukaishia na 12. Katikati ulilipa hongo mara mbili, na juu ya hongo hiyo inveta yenyewe ilikula wati kama 15 kwa kukaa tu, hata kama hakuna kilichochomekwa. Inveta kubwa inayolisha vifaa vidogo ni sawa na kuwasha lori kwenda kununua chumvi.

Tiba ilikuwa kuitoa inveta kwenye njia ya mtandao. Taa za wodi na kompyuta tuliziacha kwake, lakini swichi, rauta na redio tulizipa njia yao: betri, fyuzi, kibadilisha volti kidogo ambacho mafundi wanakiita konvata, kisha vifaa. Mzigo ulishuka kutoka wati 43 hadi 24.

Kwa nini nisichomeke moja kwa moja?

Hapa ndipo vijana wengi huharibu vifaa. Wanaona swichi imeandikwa volti 12 na betri imeandikwa volti 12, wanaunganisha, inafanya kazi, wanaondoka wakiwa na furaha. Lakini "12" ya betri ni jina la ukoo tu. Mchana jua likiwa kali na chaji ikiingia, betri ya risasi na tindikali hupanda hadi 14.4. Alfajiri ikiwa imechoka inaweza kuwa 11.5 au chini yake. Swichi ya ofisini imetengenezwa kwa adapta inayotoa 12 isiyoyumba. Nyingine huvumilia, nyingine huungua saa nane mchana wa Oktoba, jua la Tabora likiwa utosini, nyingine hujizima usiku. Konvata nzuri hupokea chochote kati ya volti 9 na 18 na kutoa 12 ile ile. Ziko pia swichi za viwandani zinazopokea kuanzia volti 9 hadi 60 bila msaada. Ni ghali, lakini ukishazilipia hutarudi nyuma kuzirekebisha.

Waya mwembamba, njia ndefu

Adui wa pili hana taa wala sauti. Ni waya. Kila waya hupinga umeme kidogo, na upinzani huo huongezeka kadiri waya unavyorefuka na kuwa mwembamba.

Chukua kifaa cha wati 36 kilichoko mita 20 kutoka kwenye betri. Kwa volti 12 kinavuta ampea 3 (ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita). Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, kwenda na kurudi mita 40, una upinzani wa ohm 0.47 hivi. Zidisha na 3: volti 1.4 zimebaki njiani. Betri ina 12.0, kifaa kinapata 10.6. Ndiyo maana fundi anapima kwenye betri na kusema umeme upo, huku kifaa kikisema hakuna, na wote wawili wanasema kweli.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa volti 48. Kifaa sasa kinavuta ampea 0.75 tu. Kinachopotea ni volti 0.35 kati ya 48, jambo ambalo hakuna kifaa kitakacholilalamikia. Volti zimepanda mara nne, na wati zinazogeuka joto ndani ya waya zimepungua mara kumi na sita.

Namba 48 haikuokotwa. Ni urithi wa simu za zamani. Kituo cha simu kilikuwa na seli 24 za risasi, kila moja volti 2, zimefungwa mfululizo. Volti hizo zinatosha kusukuma sauti kilomita kadhaa kwenye waya mwembamba, na ni chache kiasi kwamba fundi akigusa waya kwa bahati mbaya, kwa kawaida hafi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nguzo za telegrafu zilisimama sambamba nayo. Telegrafu, dunia nzima, ilizaliwa kwenye betri kabla nyumba hazijawa na umeme. Ukiona mnara wa leo una betri za volti 48 miguuni pake, unaona mjukuu wa mitambo ile.

Hata umeme unaopita ndani ya waya wa mtandao, ule unaoiwezesha kamera au redio kuwaka bila waya wa pili, umejengwa juu ya urithi huo. Kanuni yake ya kwanza ya mwaka 2003 iliruhusu wati 15.4 kwa kila tundu la swichi, ya mwaka 2009 ikapandisha hadi 30, zote kwa volti zinazozunguka 48.

Kwa kifupi mpaka hapa:
- Kila mgeuzo wa umeme unatoza. Punguza migeuzo.
- Volti ya betri hupanda mchana na kushuka usiku. Weka konvata katikati.
- Pima volti kwenye kifaa, kikiwa kinafanya kazi.
- Njia ikiwa ndefu, panda hadi volti 24 au 48 kabla hujafikiria waya mnene.

Wanavyofanya wakubwa

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao unasimamiwa na TTCL, unapita Tabora. Sehemu ya nyuzi zake za kioo zimebebwa juu ya nguzo za TANESCO. Watu huniuliza: TANESCO ikikata, mbona mkongo haukatiki?

Sababu ni kwamba katika vituo vya mawasiliano vya aina hiyo umeme wa TANESCO kwa kawaida haugusi mitambo. Unaingia kwenye chombo kiitwacho rektifaya, kinachougeuza kuwa umeme wa betri wa volti kama 54, yaani 2.25 kwa kila seli kati ya zile 24. Volti hizo zinalisha mitambo na kuzitunza betri kwa pamoja, zote zikiwa zimefungwa kwenye waya mmoja. TANESCO ni mchajaji tu. Umeme wake ukikatika, hakuna swichi ya kugeuza, hakuna nukta ya giza. Mitambo ilikuwa kwenye betri tangu mwanzo na haijui kama kuna kilichotokea nje. Ni tofauti na inveta ya nyumbani, ambayo lazima igundue kwamba umeme umekatika ndipo iruke, na katika kuruka huko rauta nyingi huzimika.

Kwa miaka mingi Kigoma na Mpanda ziliishi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na mawasiliano yaliendelea kwa mpango huu huu. Zahanati yenye betri tatu inaweza kuuiga. Ni mpango, si ukubwa.

Betri ngapi?

Msafara uliofika Unyanyembe ulikaa. Uliweka bidhaa ghalani, ukabadili wapagazi, ukangoja vita vya mbele viishe au mvua ipite. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akiwangoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Asingekuwa na akiba, asingeweza kungoja. Betri ndiyo Tabora ya umeme: ghala lililo katikati ya jua linalokuja linapotaka na swichi inayokula kila saa.

Swali basi ni siku ngapi za kungoja. Katika mvua za kwetu, kati ya Novemba na Aprili, nahesabu siku tatu za mawingu mazito. Wati 24 kwa saa 24 ni wati-saa 576 kwa siku. Siku tatu ni 1,728. Betri ya risasi ukiimaliza kabisa kila mara inakufa mapema, kwa hiyo nahesabu nusu tu ya ujazo wake. Nahitaji ghala la wati-saa 3,456. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200. Tatu zinatosha.

Kwa mpango wa zamani wenye inveta, wati 43, hesabu hiyo hiyo ingedai betri sita. Betri moja ya aina hii ina uzito wa kilo 30 hivi, karibu frasila mbili, mzigo ule ule aliobeba Mnyamwezi begani kutoka pwani. Kuondoa inveta kumeipunguzia zahanati wapagazi watatu.

Paneli nazo: mvua zikiwepo nahesabu saa nne za jua kamili kwa siku, na theluthi hivi ya nguvu kupotea kwa joto, vumbi na chaji. Wati-saa 576 kwa siku zinataka paneli ya wati 216, lakini hiyo inatosha kula tu, haitoshi kujaza ghala lililokauka. Tuliweka 350.

Betri huogopa joto kuliko watu wanavyodhani. Betri ya risasi imetengenezwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zaidi hukata umri wake karibu nusu. Chumba cha bati tupu kinaimaliza kwa miaka miwili. Nimewashawishi watu wa vijiji viwili kujenga kibanda cha betri kwa matofali ya udongo yenye kuta nene na dari, mtindo wa tembe. Mchana ukiingiza mkono ndani unasikia ubaridi.

Mambo matatu yanayochoma

La kwanza ni fyuzi. Betri yenye afya, nyaya zake zikigusana, inaweza kumwaga zaidi ya ampea 1,000 kwa mara moja. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isiwe upande wa pili wa chumba. Wala usitumie sakiti breka ya nyumbani. Mkondo geu hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kufa. Umeme wa betri haupiti sifuri. Cheche inaning'inia na kuyeyusha plastiki. Tafuta breka iliyoandikwa DC na volti zake.

La pili ni radi, ambayo Tabora hatuhitaji kuelezwa. Mnara, paa, paneli na kasha la swichi vyote vifungwe kwenye ethi moja, yaani waya mnene uliokwenda kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Ethi mbili zisizounganishwa ni mtego, kwa sababu radi itapita ndani ya swichi yako kutoka moja kwenda nyingine. Kati ya mnara na jengo, ukiweza, pitisha waya wa kioo. Kioo hakibebi radi.

La tatu limewashinda hata mafundi wazoefu. Katika vituo vya simu, upande unaofungwa ardhini ni chanya. Ndiyo maana huandikwa "hasi 48". Walifanya hivyo kwa sababu shaba iliyo upande wa chanya katika udongo wenye unyevu huliwa pole pole, na hawakutaka nyaya zao zilizozikwa ziliwe. Vifaa vidogo vya sola na magari hufuata kinyume: hasi ndiyo iliyoshikana na bodi. Niliwahi kumwona fundi kwenye mnara mmoja akifunga swichi ya aina hii ya pili. Nyaya alikuwa ameziunganisha sawasawa, kila moja mahali pake. Alipoweka skrubu ya kwanza ya kushikiza bodi kwenye fremu ya chuma, cheche ilitoka kwenye bisibisi na kituo kizima kikazima. Bodi ilikuwa imebeba hasi, fremu imebeba chanya. Kabla ya kufunga, weka mita kati ya mlango wa hasi na bodi ya kifaa. Ikikuonyesha njia ipo, tafuta konvata ambayo upande wa kuingia na wa kutoka haugusani kabisa ndani.

Daftari la mlinzi

Kule zahanati nilimaliza kwa kuweka kikata-mzigo, kidude kinachozima vifaa betri ikifika 11.5 na kutoviwasha tena mpaka ifike 12.6. Pengo hilo kati ya kuzima na kuwasha ndilo lililokosekana usiku ule wa taa kuchezacheza. Kisha nikatundika mita ndogo ya volti ukutani na daftari kwenye msumari. Nikamwomba mzee mlinzi aandike namba moja tu kila siku, saa 12 asubuhi kabla jua halijagusa paneli. Namba ya mchana inapambwa na chaji. Ya alfajiri ndiyo hali halisi ya betri.

Aliandika miaka miwili bila kuruka. 12.5, 12.5, 12.4, 12.5. Mwaka wa tatu, mwezi Februari, alinipigia.

"Fundi, leo 12.2. Jana 12.2. Juzi 12.3. Na mvua haijanyesha wiki nzima."

Mtandao ulikuwa haujakatika hata mara moja. Nilikwenda nikidhani betri zimezeeka. Nilipima, zikawa nzima. Nikakaza vichwa vya nyaya, vikawa vimekaza. Tukakaa barazani tunakunywa chai. Ilipofika saa tisa alasiri mzee akanyanyua kidole kuelekea juani. Mwembe uliokuwa upande wa magharibi, mmoja wa ile miembe mikubwa inayofuata njia ya misafara, ulikuwa umeongeza tawi, na kivuli chake kilikuwa kimeanza kupanda kwenye kona ya chini ya paneli. Saa kumi kilikuwa kimeifunika nusu.

Kijana mmoja akataka kuleta panga. Mzee akamwambia aliache tawi lilivyo, maana chini yake ndipo wajawazito hukaa kungoja kliniki. Tulihamisha paneli mita sita upande wa mashariki, nikabadili waya kutoka milimita za mraba 4 kuwa 6 kwa ajili ya urefu ulioongezeka. Kesho yake alfajiri aliandika 12.3, na baada ya siku tatu, 12.5.